Mteja Wangu Yuko Migombani

Kwenye kazi yetu ya ushauri nasaha, mtu anayekuja kwako humwiti mgonjwa. Unamwita mteja. Sikuwahi kulitilia maanani neno hilo hadi usiku mmoja wa mwaka 2020, nilipompigia kijana aliyekuwa ameniambia dakika chache tu nyuma kwamba amechoka kuishi, nikajibiwa na sauti ile ya mwanamke asiye na haraka: "Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa." Nilikuwa sebuleni kwangu, Soweto, Moshi, kanga kiunoni, chai imepoa. Nitamrudia kijana huyo. Kwanza nieleze nilivyofika hapo, maana sikujipangia.

Tarehe 16 Machi mwaka ule ilitangazwa kwamba mgonjwa wa kwanza wa korona nchini amepatikana Arusha, na kesho yake tukasikia shule zinafungwa. Mimi nilikuwa na kachumba kangu mjini: viti viwili, pazia, boksi la tishu, na mlango unaofungwa. Mlango ule ndio uliokuwa mtaji wangu. Mtu anaingia, ninafunga, dunia inabaki nje. Ndani ya wiki mbili wateja wakaacha kuja, na wakati huohuo mlima ukaishiwa wageni. Asiyeishi Moshi hajui maana yake. Mlima ukikosa wageni, si kampuni za utalii tu zinazolia. Analia mgumu, kama tunavyowaita wapagazi wa Kilimanjaro, anayebeba kilo ishirini za mzigo wa mgeni juu ya vitu vyake mwenyewe. Analia mpishi, mama wa mgahawa, dereva, na mwenye nyumba anayesubiri kodi. Walionihitaji waliongezeka siku zilezile mlango wangu ulipokosa kazi. Basi nikagawa namba yangu, nikanunua laini ya pili na daftari, nikakaa nikisubiri simu iite.

Kosa la kwanza nililifanya na mwanamume mmoja wa makamo aliyekuwa akitunza watoto wake na wa kaka yake marehemu. Nilimkaribisha kwa maneno yaleyale ya chumbani: karibu sana, jisikie huru, nieleze unajisikiaje. Akajibu, "Niko vizuri." Nikamuuliza amelalaje. "Vizuri." Nyumbani je? "Haina shida." Tuliongea dakika ishirini namna hiyo, nikaandika kwenye daftari kwamba mteja anaendelea vyema. Siku tatu baadaye akanipigia mwenyewe, anacheka kwa aibu: "Dada, siku ile nilikuwa ndani ya haisi, nimebanwa na mama mwenye kuku. Ningekwambia nini?"

Darasani tulifundishwa kuuliza maswali ya wazi, yale yanayomfanya mtu aeleze, na kuyakwepa maswali ya ndiyo na hapana kwa kuwa yanambana mtu. Chumbani ni kweli. Kwenye simu, mtu aliyezungukwa na masikio hawezi kulijibu swali la wazi, lakini ndiyo na hapana anaziweza hata kama amekaa na mkwewe. Kwa hiyo sasa ninaanza kwa maswali yaliyofungwa. Uko mahali unapoweza kuongea? Kuna mtu anakusikia? Upo salama hapo ulipo? Nikiuliza jambo zito jibu lake tu "ndiyo" na "hapana", utanijibu hivyohivyo? Baada ya hapo tunatafuta pamoja mahali pa kuongelea. Nilidhani simu imeninyang'anya chumba, kumbe kila simu inanipa kazi ya kumtafutia mteja chumba kabla hatujaanza kazi yenyewe.

Na huku kwetu chumba hicho, mara nyingi kuliko nilivyotarajia, ni mgombani. Nyumba zimejaa watu, kuta hazizuii sauti, simu yenyewe pengine ni moja kwa familia nzima. Lakini nyuma ya nyumba kuna kihamba, shamba letu la migomba na kahawa, na mtu anayekwenda kukata majani ya ng'ombe haulizwi anakwenda wapi. Nimejifunza kukitambua kihamba kwa sikio. Majani makavu ya mgomba yana mlio wake yakikanyagwa, tofauti na ya kahawa. Ukisikia maji yanapita taratibu, huo ni mfereji, na kama mteja ni wa Kibosho nami namfahamu kidogo, najua ameshuka umbali gani kutoka nyumbani. Nilikuwa na mama mjane aliyekuwa akichomeka kisimu chake cha kitochi ndani ya kilemba, sikioni, kisha anaongea nami mikono yake ikifanya kazi. Kila alipofika kwenye jambo linalouma, mundu ulisimama. Sikuhitaji kuuona uso wake. Mundu ukisimama na mimi nasimama, nangoja. Ukianza tena, shaa, shaa, najua amepita.

Kimya cha simu ndicho kilichonisumbua kuliko yote. Chumbani mtu akinyamaza unamwona: anafuta macho, anatazama miguu yake. Kwenye simu sekunde kumi za kimya zinaweza kuwa kilio, zinaweza kuwa mtandao, zinaweza kuwa salio, na zinaweza kuwa jambo usilotaka hata kulitaja. Mwanzoni nilikuwa nakijaza kwa maneno, kama mtangazaji wa redio. Siku hizi nasema kwa sauti ya chini, "Niko hapa," basi. Kikirefuka nasema tena. Wapo walioniambia baadaye kwamba katika mazungumzo yote, hayo maneno mawili ndiyo wanayoyakumbuka, na sina hakika kama nifurahi au nisikitikie yale mengine niliyoyasomea.

Sasa kisa cha mke wa mtu. Nilikuwa nimeahidi kumpigia mteja mmoja saa mbili usiku. Simu ikapokewa na mwanamke: "Wewe nani?" Nikasema ninaomba kuongea na fulani. "Nimekuuliza wewe nani, na unampigia mume wangu usiku kuhusu nini?" Nikigugumiza tu, nimeharibu. Nikijitambulisha kuwa mshauri, nimemwaga siri ya mteja. Nikidanganya, nimedanganya. Nikasema, "Samahani, mama, nitapiga wakati mwingine," jibu ambalo mke yeyote duniani anajua kulitafsiri. Yule bwana alilipia kosa langu wiki nzima. Tangu hapo, kabla ya kuagana na mteja mpya tunakubaliana: utaniandika kwa jina gani kwenye simu yako, akipokea mwingine niseme nini, na saa gani nisipige kabisa. Mjane wa Kibosho aliniandika Mama Pumba, kama muuza pumba za ng'ombe. Nilifurahi kuliko cheti.

Turudi kwa yule kijana. Mambo mengine nimeyabadilisha ili asitambulike, ila usiku wenyewe ulikuwa hivi. Alinibipu saa tatu, nikampigia. Mgumu, mkazi wa njia ya Machame, miaka ishirini na kitu. Alikopa kununua pikipiki akitegemea msimu wa Juni, na msimu haukuja. Aliongea kwa utulivu mkubwa, utulivu ulionitisha, akasema, "Dada, kuanzia kesho sitakuwa mzigo kwa mtu."

Hapo hakuna kuzunguka mbuyu. Nikamuuliza, "Unafikiria kujiua?" Wengi wanaogopa swali hilo wakidhani litamtia mtu wazo ambalo hakuwa nalo. Utafiti umeonyesha halimtii wazo. Zaidi linampa nafasi ya kulitua. Nilimsikia akipumua, pumzi ndefu kama ya mtu aliyefika kambini na kushusha mzigo. "Ndiyo," akasema. Halafu, haraka: "Utaniitia polisi?"

Si swali la kipuuzi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na watu wanakijua hata wasiojua namba yake. Sheria ile inawafunga watu midomo kabla hata hawajanyanyua simu. Huo ni mtazamo wangu na sitaufuta. Nikamwambia mimi si polisi, kazi yangu ni kukaa naye usiku huu. Nikamwambia na upande wa pili, kwa kuwa siri ina mpaka: nikiona maisha yake yako hatarini nitamtafuta mtu wake wa karibu, na nitamwambia yeye kwanza. Nikamuuliza kama ana kitu cha kujidhuru karibu. Anacho. Nikamuuliza nani yupo nyumbani. Akaanza kunijibu, simu ikakatika.

Dakika zangu zilikuwa zimeisha. Mimi, mshauri, niliingia kwenye simu ya namna ile bila kuangalia salio. Nikakimbilia laini ya pili, nikapiga, hapatikani. Nikapiga tena. Ndipo nilipogundua kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza: sikujua anakaa wapi. "Njia ya Machame" ni nusu ya wilaya. Sina kitongoji, sina namba ya ndugu, nina jina moja la kiutani alilopewa na wenzake mlimani. Nilimpigia mwalimu wangu, mama mtu mzima anayenisimamia katika kazi hii, nikilia. Akaniambia, "Lia baadaye. Piga kila baada ya dakika mbili, na mtumie ujumbe, akiiwasha simu aukute." Nikaandika: niko hapa, simu yangu ndiyo iliyokata, si wewe, nakupigia tena.

Saa nne na dakika kumi namba nisiyoijua ikanibipu. Alikuwa yeye. Simu yake ilizima chaji, akaenda kwa kaka yake, nyumba ya tatu, kuazima simu. "Nilidhani umenichoka, dada," akasema, "ila nikajisemea ngoja nimsikie mwenyewe akiniambia."

Kwa ridhaa yake niliongea na kaka. Sikumhubiria. Nilimwomba mambo matatu tu: akakichukue kile kitu sasa hivi akiweke kwa jirani, walale chumba kimoja, na anipigie akiona hali imebadilika. Asubuhi saa moja nilipiga kabla sijanawa uso. Mchana walikwenda pamoja kliniki ya afya ya akili, hospitali ya Mawenzi.

Jioni ile tulitengeneza mpango wa usalama, kwa ngazi walizozibuni Wamarekani Barbara Stanley na Gregory Brown: dalili zinazokuonya, unachoweza kufanya mwenyewe, watu na mahali pa kukutoa mawazoni, watu wa kuwaomba msaada, wataalamu, na kuondoa vitu vya hatari. Chumbani ningempa karatasi. Kwenye simu aliandika mwenyewe kwa penseli nyuma ya boksi la sabuni, nikawa namwambia anisomee kila mstari. Kwenye kile anachoweza kufanya mwenyewe, nilitegemea aseme kusali au mpira. Akasoma: "Kufua viatu vya mlima." Nikamuuliza maana yake. "Ukifua viatu, dada, maana yake kuna safari." Sikuwa na la kuongeza.

Tangu usiku ule dakika tatu za mwanzo ni za mambo makavu: nikuiteje, uko kitongoji gani, karibu na kanisa au duka lipi, tukikatika nimpigie nani. Hata kama mtu amepiga kulalamika tu kuhusu shemeji yake. Vocha ninaweka kabla ya chakula cha jioni, pawabenki iko kwenye chaji, na mtoto akipiga ninamsikiliza kisha ninamwunganisha na 116, huduma ya simu kwa mtoto, ambayo ni bure na wamejipanga kuliko mimi peke yangu.

Nilipozidiwa nilitafuta wenzangu wawili wa kunisaidia zamu. Mmoja ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi asiyejua hata jina moja la nadharia. Nilimkubali kwa wasiwasi, nikajipa moyo kwa kisa cha Chad Varah, padri wa Kianglikana aliyeanzisha simu ya namna hii London mwaka 1953. Watu walifurika kumwona, wakawa wanasubiri nje wakipewa chai na watu wa kujitolea, na muda si mrefu akagundua wengi wakishamaliza chai na maongezi hawamhitaji tena yeye. Akawaachia kazi wale wa chai. Mwalimu wetu ni mtu wa chai. Anachosema sana ni "Ehee" na "Halafu ikawaje, mwanangu?" na wateja wanamwulizia kwa jina.

Kuhusu mimi mwenyewe nisiseme mengi. Nilibadilisha mlio wa simu mara tatu kwa sababu kila ulipolia moyo uliruka, hata akipiga muuza maziwa. Mwalimu wangu huwa ananipigia Alhamisi, na swali lake la kwanza siku zote ni kama nimekula. Nikijibu "nitakula," anakata simu, ananirudia baada ya nusu saa.

Kijana wa Machame alirudi mlimani wageni walipoanza kuja. Miaka miwili hivi baadaye, namba yake ikaita mchana, upepo mkali nyuma. Nikaanza kwa mazoea: uko wapi, kuna mtu anakusikia? "Niko Horombo, dada, hapa kambini. Anayenisikia ni mpishi, na yeye sikio moja halifanyi kazi." Akaniambia kaka yake amepata mtoto wa pili, pikipiki imebaki marejesho mawili, na viatu vimeanza kuchanika, nikasikia mtu akimwita kwa lile jina la utani, akawa ananiambia subiri kidogo, dada, kuna jambo moja nilitaka—

Safari hii dakika zilizoisha zilikuwa zake. Nikampigia.