Saa Sita Usiku, Jua Li Macho

Saa kumi na moja alfajiri. Nasema alfajiri kwa mazoea tu, maana ni katikati ya Julai na jua halijatua tangu nipande meli hii ya watalii Longyearbyen, mji wa visiwa vya Svalbard, kaskazini mwa Norway. Saa zetu Waswahili huanza kuhesabiwa jua likichomoza. Hapa nianzie wapi? Kwa swala nafuata nyakati za Makka.

Leo hatushuki popote. Svalbard tumeiacha nyuma, tunakata Bahari ya Greenland kuelekea magharibi.

Saa moja naanza vyumba, kumi na vinne kwa jumla. Wageni wengi bado wamelala, bahari imewalevya. Nachomeka mifuko ya kutapikia kwenye vishikio vya ukumbini, nagawa tangawizi na matofaa mabichi. Bibi mmoja Mjerumani ananiuliza mbona mimi siumwi. Namwambia nimekulia kwenye feri ya Likoni. Akaridhika, ingawa Likoni na mawimbi haya wapi na wapi!

Saa nne kuna ukaguzi wa nguo kabla ya kushuka Greenland, nami huomba kusaidia. Kila mgeni analeta koti, suruali na mkoba. Tunafyonza mifuko kwa mashine, tunachomoa mbegu kwa kibano, buti zinasuguliwa kwa dawa. Leo nimetoa kwenye soksi mbegu yenye miiba, ndugu kabisa wa kishonanguo cha kwetu. Ikiota kule itaisumbua mimea ya wenyewe, na mierebi yao yenyewe hutambaa ardhini, haifiki goti.

Saa nane, mhadhara wa dubu. Nimesimama nyuma na sinia la chai. Kiongozi anaeleza kwamba tangu 2025, huko Svalbard ni lazima kukaa mita 300 kutoka kwa dubu, na mita 500 kuanzia Machi hadi mwisho wa Juni. Mgeni mmoja akanong'ona kuwa yeye alilipia dubu, si nukta ya manjano kwa mbali.

Saa tatu usiku nazunguka tena vyumbani kufunga mapazia mazito. Kazi yangu ndiyo hiyo: kuwatengenezea watu usiku.

Saa sita natoka sitahani. Jua limening'inia kaskazini, maji yote dhahabu. Nampiga picha Mama. Si yeye ninayempiga, ni jua. Yeye namtumia tu. Jibu lake limekuja alipoamka kuswali: "Mwanangu, wacha mzaha. Hii umepiga saa kumi na moja jioni."