Theluji, Tope na Mtoto Asiyeonekana Jukwaani

Saa nane za usiku na bado niko macho. Binti ya kaka yangu, anayesoma London, alinikatia tiketi ya zawadi. "Shangazi, kila siku unasikiliza visa vya upelelezi redioni. Njoo uone kimoja kwa macho." Basi leo nimepanda treni kutoka Birmingham, tukaenda ukumbi wa St Martin's kutazama The Mousetrap, yaani mtego wa panya, mchezo wa Agatha Christie, mwandishi Mwingereza wa visa vya upelelezi.

Mchezo huu ulianza kuonyeshwa London mwezi Novemba 1952. Ukahamia ukumbi huu mwaka 1974, na ukiacha ile miezi ya korona, tangu Machi 2020 hadi Mei 2021, unaendelea tu. Pale mlangoni pana ubao wenye tarakimu, kila onyesho likipita wanaongeza moja. Nimesimama mbele yake muda mrefu. Mama yangu alikuwa hajaolewa ulipoanza.

Kisa chenyewe: mke na mume vijana wamegeuza jumba la kizamani la shamba kuwa nyumba ya wageni. Ndiyo siku yao ya kwanza. Wageni wanaingia mmojammoja, wanapukuta theluji makotini, mmoja analalamikia baridi, mwingine anacheka ovyo bila sababu. Redio inatangaza kwamba kuna mwanamke kanyongwa London. Theluji inazidi, barabara inaziba. Askari mpelelezi anafika kwa ski, vile vibao vya kutelezea kwenye theluji, na kugonga dirisha, kisha simu inakatika. Kuanzia hapo unajua kwamba muuaji hatoki nje. Anakunywa chai pamoja nao.

Nimeipenda sana kazi ya ile theluji. Inafunga geti. Jirani hawezi kuja, daktari hawezi kuja, na waliomo hawawezi kukimbia, kwa hiyo watu wasiojuana wanalazimika kukaa sebule moja, kuulizana habari kwa adabu huku kila mmoja akimtazama mwenzake mikono. Hata mke na mume wanaanza kutiliana shaka. Hapo ndipo nilipoumia, maana unaona penzi la mwaka mmoja tu likichujuka mbele yako kwa sababu ya maswali ya mgeni. Muuaji ni nani, sisemi. Mwishoni mwigizaji mmoja alituomba sote tuitunze siri, nami ombi la namna hiyo naliheshimu.

Lakini si muuaji aliyenikosesha usingizi.

Ndani ya mchezo, chanzo cha yote ni shamba moja ambako watoto watatu, ndugu wa tumbo moja, walipelekwa kulelewa wakateswa, na mmoja akafa. Hawatokei jukwaani, wanatajwa tu. Tukiwa tunasubiri treni, binti yangu akaniambia kwamba jambo kama hilo lilitokea kweli. Nikasoma njia nzima.

Mtoto aliitwa Dennis O'Neill, wa Newport, Wales. Mahakama ilikuwa imewaondoa yeye na ndugu zake kwa wazazi wao, na mwaka 1944 halmashauri ya mji ikamkabidhi kwa mkulima na mkewe huko Shropshire, karibu na kijiji cha Minsterley. Mdogo wake alikuwa naye nyumba hiyo hiyo. Tarehe 9 Januari 1945 Dennis akafa kwa kipigo na njaa. Alikuwa na miaka 12. Mkulima alifungwa miaka sita kwa kuua bila kukusudia, mkewe miezi sita kwa kutomtunza mtoto. Serikali ikamtuma Sir Walter Monckton achunguze, na ripoti yake ikaonyesha jinsi ukaguzi wa watoto wale ulivyokuwa umelegea. Hasira ya watu ilichangia kuzaliwa kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 1948. Na katikati hapo, mwaka 1947, Malkia Mary, mama wa mfalme, alipotimiza miaka 80, BBC ikarusha mchezo mfupi wa redio wa Agatha Christie, na huo ndio uliokuja kurefushwa ukawa huu niliouona leo.

Nimelisoma mara mbili lile neno ukaguzi. Jukwaani wote wanauliza nani kaua. Mimi, kwa Dennis, nauliza nani alikwenda kumtazama.

Nauliza kwa sababu nilikuwa na miaka tisa nilipopelekwa kukaa kwa watu, huko juu Amani, milima ya Usambara. Nyumba sitaitaja. Nilichota maji, nilibeba mtoto wa wenyewe mgongoni, na chakula changu kilikuwa kinachobaki sufuriani. Sikuthubutu kumwambia mtu. Masika ikiingia, barabara ya kutoka Muheza inakuwa tope tupu, magari hayapandi, na mtu ukiwa kule juu unajiona umesahauliwa na dunia nzima.

Shangazi yangu, dada yake baba, alikuja ndani ya masika hiyo. Hakutuma salamu kwamba anakuja. Gari lilikwama njiani akashuka, akavua viatu akavishika mkononi, akapanda kwa miguu. Nakumbuka kanga yake imelowa hadi kiunoni na tope limefika magotini. Wenyeji wakamkaribisha kiti, akasema ahsante, atakaa baadaye. Akaniita uani. Hakuniuliza kama niko salama, alijua nitaitikia salama. Alinishika viganja akavigeuza, akanipandisha gauni akatazama mgongo, kisha akaingia jikoni akafunua sufuria.

"Nguo zako ziko wapi?" akaniuliza.

Nikamwonyesha. Akazifunga kwenye kanga ya pili, akawaaga wenyeji kwa heshima zote, na hakukaa kile kiti. Tuliteremka jioni ile ile huku mvua inanyesha, mimi nimeshika ncha ya kanga yake nisiteleze.