Jinsi nilivyotoa kifusi cha ukarabati nyumbani bila kukitupa mtaroni

Jamani, nimevunja bafu na jiko hapa kwangu Tabata, marumaru za zamani zote chini na ukuta mmoja nikautoa, fundi kamaliza zake kaondoka, mimi nimebaki na rundo getini hata bajaji haipiti. Majirani wakalalamika na walikuwa na haki.

Nikaita kijana wa Kirikuu, kale kagari kadogo ka mizigo, akasema tripu nne. Namuuliza utaenda kumwaga wapi, ananijibu "we niachie mimi", nikajua hapo ni mtaroni tu, mvua ikinyesha maji yanaingia ndani kwa watu. Nikamkataa palepale.

Kilichonisaidia ni kuchambua. Nondo na mabati wakachukua watu wa vyuma chakavu, wakapima kwa mzani wakanilipa. Jipsamu, makopo ya rangi na mifuko ya simenti tukaweka pembeni yaende na gari la taka, yakabaki matofali, zege na marumaru, yaani kifusi safi.

Sasa nikakumbuka kile kibao kimepigiliwa kwenye mnazi njia ya bondeni, kimeandikwa kwa mkaa KIFUSI KINAHITAJIKA na namba ya simu. Nikapiga, mzee anainua kiwanja chake kabla hajaanza msingi, akaja na Canter yake mwenyewe, mimi nikalipa vibarua wa kupakia tu!

Ila msijaze gari mpaka juu, zege ni zito sana, sisi bodi ilijaa nusu tu na springi zilikuwa zimeshalala.