Namna nilivyozirudisha spika zangu hewani baada ya kubadilisha ruta

Spika ya Wi-Fi haina kioo wala kibodi, na tabu yote inaanzia hapo. Ukileta ruta mpya nyumbani, simu inakuonyesha orodha ya mitandao, unachagua, unaandika nenosiri, umemaliza. Spika haina pa kukuulizia. Siku ya kwanza ilifundishwa jina la mtandao na nenosiri lake, ikayahifadhi, na tangu hapo kila ikipata umeme inautafuta mtandao ule ule. Mtandao huo ukiondoka, itaendelea kuutafuta mchana na usiku, taa yake ikimweka tu.

Kwetu spika ni tano. Mbili ziko sebuleni na zinacheza kama jozi, moja kushoto na nyingine kulia. Moja iko jikoni, moja kwenye chumba ninachofanyia kazi, na ya tano, kongwe kuliko zote, iko chumbani kwa mama. Hiyo ndiyo iliyonifanya nisiahirishe kazi hii hata kidogo. Macho ya mama yamechoka, na redio anayoisikiliza kupitia spika hiyo tangu alfajiri ndiyo gazeti lake.

Ruta ya zamani ilikuwa imefika mwisho. Ilipata joto na kujizima bila sababu. Mpya niliifunga bila shida, simu na kompyuta zikahamia, kasi ikaonekana. Spika zote zikanyamaza. Nilipofungua programu yake kwenye simu, vyumba vyote vilikuwa vimegeuka kijivu.

Mdogo wangu, aliyekuja kunisaidia kuvuta kebo, tayari alikuwa ameishika ile ya jikoni akipapasa kitufe cha nyuma.

“Kaka, tuzirudishe zote kama zilivyotoka kiwandani, tuanze upya.”

“Iache kwanza, mdogo wangu. Bado hatujajua zimekosa nini.”

Msimamo huo nitautetea mbele ya yeyote. Kuifuta spika ni dawa kali, inayoua na kisichoumwa. Jozi ya kushoto na kulia inavunjika, majina ya vyumba yanapotea, sauti uliyoirekebisha ilingane na ukubwa wa chumba inarudi ilivyokuwa, na akaunti za muziki inabidi uziunganishe tena moja moja. Spika iliyopoteza mtandao haijaharibika. Vyote hivyo bado imevishika, kilichobadilika ni mlango wa kupitia tu.

Njia ni mbili. Ya kwanza ni kwenda kwenye kila spika na kuifundisha mtandao mpya, kwa kutumia programu yake, mara nyingi simu ikiwa karibu nayo na Bluetooth ikiwa imewashwa. Ya pili ni kuipa ruta mpya jina na nenosiri la ile ya zamani, spika zijirudie zenyewe. Mimi nilichagua ya pili. Lakini kama nenosiri lako la zamani lilishasambaa kwa kila aliyewahi kuketi sebuleni kwako, usilirudishe; badilisha, kisha ukubali kuzunguka spika moja baada ya nyingine.

Jina na nenosiri la zamani niliyapata kwenye ruta yenyewe. Wengi hudhani ruta iliyokatwa intaneti haifunguki tena, kumbe ukurasa wake wa mipangilio unaishi ndani ya ruta, na unafunguka ilimradi kuna umeme na kompyuta imeunganishwa nayo. Niliyanakili herufi kwa herufi. Hapa hakuna karibu na sawa: herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili, na nafasi moja iliyojificha mwishoni mwa jina inatosha kulifanya liwe jina jingine kabisa. Kisha niliizima ruta ya zamani kabisa, maana ruta mbili zenye jina moja katika nyumba moja zitavichanganya vifaa, vingine viende huku na vingine kule.

Nikachomoa spika kwenye umeme, nikangoja kidogo, nikazichomeka. Bado kimya.

Nikaangalia aina ya ulinzi, jambo ambalo wengi hawalitazami kwa sababu halimo kwenye karatasi inayobandikwa chini ya ruta. Mitandao mingi ya nyumbani imelindwa kwa WPA2, kanuni ya ulinzi wa Wi-Fi iliyokuja 2004. WPA3 ilikuja 2018, na ruta yangu mpya ilitoka imewekwa WPA3 peke yake. Kifaa kisichoijua WPA3 hakiwezi kuingia hata ukikipa nenosiri sahihi, wala hakina namna ya kukueleza kwamba tatizo si nenosiri. Kuna mpangilio wa mchanganyiko unaopokea zote mbili. Nilipouweka, ya jikoni, ya chumba cha kazi na zile mbili za sebuleni zikatulia, taa zikaacha kumweka. Ya mama ikabaki nje. Baadhi ya vifaa vya zamani hushindwa hata na mchanganyiko huo. Vinataka WPA2 tupu.

Sikutaka kushusha ulinzi wa nyumba nzima kwa ajili ya spika moja, na sikulazimika. Ruta nyingi za sasa zina bendi mbili za mawimbi ya redio, ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5, na huziunganisha chini ya jina moja ili kifaa kisisumbuke kuchagua. Nilizima muungano huo. Bendi ya 2.4 nikaipa jina la zamani na WPA2, na ile ya 5 nikaipa jina jipya na WPA3, kwa ajili ya simu na kompyuta. Spika ya mama ikaingia papo hapo, na wenzake wakaifuata kwenye bendi hiyo, kwa kuwa jina walilolijua ndilo lililokuwa hapo.

Kuna watakaosema ninazinyima spika kasi. Muziki wenye ubora wa CD unahitaji kama megabiti 1.4 kwa sekunde, na bendi ya 2.4 inabeba mzigo huo bila kutoka jasho. Zaidi ya hapo, mawimbi yake yana urefu wa kama sentimita 12 na nusu, ya gigahezi 5 yana kama sentimita 6, na yale marefu ndiyo yanayovuka kuta vizuri zaidi. Chumba cha mama kiko upande wa pili wa nyumba. Spika nyingi za zamani, ya mama ikiwemo, hazisikii hata hiyo 5.

Nikafungua orodha ya vifaa kwenye ruta. Spika zote tano zilikuwemo, kila moja na anwani yake, yaani namba inayoitambulisha mtandaoni. Nikafungua programu kwenye simu: vyumba bado kijivu.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji akae nami, kwa sababu hapa ndipo watu wanapokata tamaa na kubonyeza kile kitufe cha nyuma. Spika kuwa ndani ya mtandao ni jambo moja. Simu kuiona ni jambo jingine. Simu haina daftari la anwani za spika zako. Kila unapofungua programu, inafanya kama mpiga mbiu: inatoa wito mmoja kwa mtandao mzima, nani hapa ni spika, na kila spika inayousikia hujibu kwa jina na anwani yake. Wito huo una anwani zake maalumu. AirPlay ya Apple na Google Cast, njia za kurusha muziki kutoka simu hadi spika, hutumia utaratibu unaoitwa mDNS, ambao wito wake huenda 224.0.0.251, vifaa vingine hutumia SSDP, ambao huenda 239.255.255.250. Ruta ikiuzuia wito, spika na simu zitakaa chumba kimoja bila kujuana, na kila moja itakuwa na intaneti safi kabisa.

Kwa hiyo swali langu likawa dogo na lenye jibu: ni nani anayezuia wito? Mipangilio inayoweza kufanya hivyo si mingi. Upo wa kutenganisha vifaa, ambao huruhusu kila kifaa kufika intaneti lakini hukikataza kuzungumza na jirani yake. Katika mtandao wa wageni huwa umewashwa tangu mwanzo, na ni sawa, mgeni hana haja ya kuiona kompyuta yako. Ndiyo sababu spika na simu inayoziongoza hazifai kuachanishwa, moja mtandao wa wageni na nyingine mtandao wa wenyeji. Kwenye simu, VPN, programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva ya mbali, inaweza kuuchukua wito na kuupeleka nje ya nyumba. Na mahali ambapo mwenye intaneti amekuachia kifaa chake ambacho nacho ni ruta, kisha wewe ukaweka yako nyuma yake, unakuwa na mitandao miwili pasipo kujua. Spika zikijiunga na mmoja na simu na mwingine, wito hauvuki. Dawa yake ni kuzima Wi-Fi ya kile cha kwanza, au kuigeuza ruta yako iwe kituo cha kusambaza mawimbi tu.

Kwangu ilikuwa ni ule mpangilio wa kutenganisha vifaa, nao ulikuwa umewashwa kwenye bendi ya 2.4 peke yake. Niliuzima. Nilipofungua programu tena, vyumba vyote vikarudi na rangi yake, jozi ya sebuleni ikiwa bado ni jozi, sauti ya jikoni ikiwa vile vile nilivyoirekebisha. Simu yangu ilikuwa kwenye bendi ya 5 na spika kwenye ya 2.4, na hakikuharibika kitu, kwa sababu majina mawili ya bendi bado ni mtandao mmoja kwa ndani.

Simu ya mama haikuona kitu. Yangu inaona, yake haioni, spika ni zile zile. Hiyo ni habari njema, kwani inaiondoa ruta kwenye lawama na kukuelekeza kwenye simu. Tangu iOS 14 ya 2020, simu za iPhone huuliza kama programu iruhusiwe kutafuta vifaa vilivyo kwenye mtandao wa nyumbani, na anayejibu hapana haulizwi tena. Jibu linakaa kwenye mipangilio ya faragha hadi ulibadilishe. Kwenye Android, programu nyingi za spika huhitaji ruhusa ya mahali ili kuona mitandao iliyo karibu wakati wa kuunganisha. Nilimwekea ruhusa, nikamrudishia simu.

“Mama, jaribu sasa.”

“Naiona, mwanangu. Na hii ya sebuleni nayo niicheze?”

Akaicheza, kwa sauti ya juu, na mdogo wangu akaanza kukunja kebo zilizobaki.

Kulikuwa na mambo mawili ya kumalizia. Ya jikoni ilikuwa inakatika katika nyimbo. Bendi ya 2.4 ina njia (chaneli) nyingi kwa kuhesabu, lakini zisizoingiliana ni tatu tu, ya 1, ya 6 na ya 11, na ruta mpya ilikuwa imejichagulia njia iliyo katikati ya mbili kati ya hizo. Niliiweka kwenye 11, nikaipunguza upana hadi megahezi 20, kukatika kukakoma. Kama spika yako ina tundu la kebo ya mtandao na iko karibu na ruta, chomeka kebo na uache kuhangaika na njia. Hata wakati wa kuunganisha upya, spika yenye waya huonekana kwenye programu bila kujali jina la Wi-Fi, na hapo unaweza kuifundisha mtandao mpya kwa utulivu.

Jambo la pili ni anwani. Katika ruta ya zamani nilikuwa nimeitengea kila spika anwani yake ya kudumu, na orodha hiyo iliondoka pamoja na ruta. Niliitengeneza upya. Ukitaka kufanya hivyo, ifanye kwenye ruta, si kwenye kifaa, na kwanza uangalie ruta mpya inatumia safu gani: ya zamani ilikuwa inagawa 192.168.0, hii inagawa 192.168.1, na kifaa kilichokariri anwani ya safu ya zamani kitapotea hata kikiwa na nenosiri sahihi.

Ruta ya zamani mdogo wangu aliiomba, anataka kuifungua aone kinachoipasha joto. Hiyo ndiyo tuliyoirudisha kama ilivyotoka kiwandani, tena kabla haijatoka nyumbani, kwa kuwa ilikuwa bado imehifadhi jina na nenosiri ambalo nyumba yetu inalitumia hadi leo.