Saratani ya Mfuko wa Uzazi, na Bado Sijazaa

Tangu nivunje ungo hedhi yangu haikuwa na mpangilio: miezi inapita kavu, kisha damu isiyokatika. Hapa Tabora nilizoea kupewa dawa za kuikausha. Ndipo daktari mmoja wa akina mama akakataa kuniandikia tena mpaka kinyama kichukuliwe ndani ya kizazi, kipimwe. Majibu yalikuwa saratani ya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi, daraja la kwanza, yaani seli zake bado zinafanana kwa kiasi kikubwa na za kawaida. Si ile ya shingo ya kizazi ambayo wengi tunaisikia.

Nikaambiwa kizazi kitolewe. Hiyo ndiyo tiba ya kawaida na yenye uhakika zaidi, sibishi. Mama mkwe naye alisema, "Mwanangu, wewe upone kwanza, watoto Mungu anajua." Lakini nilikuwa na miaka 29, sijazaa, nikauliza kama ipo njia nyingine ya kuanzia. Ipo, ila si ya kila mtu: seli ziwe za daraja la kwanza, na MRI, yaani picha ya ndani ya mwili inayopigwa kwa sumaku, ionyeshe ugonjwa haujaingia kwenye msuli wa kizazi wala kutoka nje yake. Nilipanda treni kwenda Mwanza kwa ajili ya picha hiyo. Haukuwa umeingia.

Nilianza vidonge vya megestroli kila siku, pamoja na kitanzi chenye homoni. Daktari alinieleza kwamba mayai yangu hayapevuki ipasavyo na mwili ni mnene, hivyo homoni ya estrojeni inaujenga ukuta ule bila homoni nyingine, projesteroni, ya kuizuia; dawa zinaleta kizuizi hicho. Tatizo, megestroli inaongeza njaa, nami natakiwa kupungua. Hapo nililia kuliko kwenye majibu yenyewe. Nilipunguza ugali, nikatembea kila jioni, na mume wangu akatembea nami.

Kila miezi mitatu kinyama kilichukuliwa upya. Mara ya kwanza seli mbaya bado zilikuwepo. Baadaye majibu yalikuja safi, yakarudiwa, yakawa safi tena. Takribani robo tatu ya wanawake hupata majibu hayo, lakini kwa baadhi yao saratani hurudi, ndiyo maana tuliambiwa tutafute mtoto bila kuchelewa.

Kitanzi kimetolewa, natumia dawa ya kupevusha mayai, na vipimo vinaendelea. Nikishajifungua, kizazi kitatolewa. Mimi na mume wangu tumekubaliana, na mama mkwe ameshaambiwa.