Greppo, shamba lililozaa Brunello

Basi la kutoka Siena, Italia, kwenda Montalcino hupita Buonconvento, na ukishauacha mji huo safari ni ya kupanda. Kwanza mashamba ya ngano iliyokwisha kuvunwa, kisha mizeituni, halafu mizabibu, na mizabibu ikishaanza haikomi. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo anayesoma Siena, alishanitahadharisha: "Kaka, Montalcino ukiulizia mvua utajibiwa habari za zabibu." Hakutia chumvi. Mzee mmoja ndani ya basi alituonyesha mlima Amiata, volkano iliyozimika yenye urefu wa mita 1,738, akasema huo ndio unaowakingia dhoruba na mvua ya mawe. Alivyousifu ungedhani ni jirani yake.

Montalcino ni mji mdogo juu ya kilima, mita 564 kutoka usawa wa bahari. Ngome yake ilijengwa mwaka 1361. Siena ilipoanguka mwaka 1555, wakubwa wake walikimbilia hapa wakaendesha jamhuri yao kwa miaka mingine minne. Siku hizi ndani ya ngome kunauzwa mvinyo, na nje ya ngome vilevile. Hatukukawia.

Tulichokifuata ni Greppo, shamba la ukoo wa Biondi-Santi, nje kidogo ya mji. Sharti uwe umeomba miadi mapema. Unaingia kwa njia ndefu yenye miti ya saipresi kulia na kushoto, na chini ni changarawe na galestro, ule udongo wa mawe yanayomeguka vipande vipande ukiyakanyaga. Mgeni wa kilimo angesema hapa hauoti hata mchicha. Mzabibu unapapenda, maana maji hayatuami.

Habari ya shamba hili inaanza na mfamasia, Clemente Santi, ambaye mwaka 1869 alipewa tuzo kwenye maonyesho ya kilimo ya Montepulciano kwa mvinyo wake mwekundu wa mavuno ya 1865. Binti yake aliolewa na daktari wa Firenze aliyeitwa Biondi, na mtoto wao Ferruccio ndiye aliyeleta ubishi. Kijana huyu alikwenda vitani mwaka 1866 chini ya Garibaldi, jemadari aliyepigania kuiunganisha Italia, akarudi, akaligeukia shamba la babu. Enzi hizo mvinyo wa Toscana ulikuwa mchanganyiko, hata zabibu nyeupe zilitiwa, na watu waliunywa ukiwa bado mchanga. Ferruccio akakataa. Alichagua mizabibu aina ya Sangiovese iliyomridhisha, akaikamua peke yake bila kuichanganya na kitu, kisha akaufungia mvinyo kwenye mapipa kwa miaka. Huo ndio Brunello. Chupa chache za mavuno yake ya 1888 zimedumu hadi enzi zetu.

Ghalani kuna baridi, na harufu ya mbao iliyolowa mvinyo inakupokea mlangoni. Mapipa ni makubwa kupita kimo cha mtu, ya mwaloni kutoka Slavonia huko Kroatia. Kisheria Brunello hauuzwi mpaka Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno, na miaka miwili kati ya hiyo lazima ukae ndani ya mbao. Huku nyumbani zabibu za Dodoma huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwa hiyo mdogo wangu alipiga hesabu ya fedha zinazolala humo, akaguna.

Mwongozaji alitusimulia jinsi Tancredi, mtoto wa Ferruccio, alivyojenga ukuta wakati wa Vita Kuu ya Pili kuzificha chupa za zamani zisinywewe na askari. Lakini kilichonikaa mimi ni kazi ya kujaziliza. Mvinyo hupungua polepole ndani ya chupa, na hewa ikizidi unaharibika. Basi kwa miaka mingi wenye chupa kuukuu walizileta Greppo: kizibo kinang'olewa, mvinyo unaonjwa, na ukionekana mzima pengo linajazwa kwa mvinyo wa mwaka uleule, kisha chupa inapigwa kizibo kipya. Ulioharibika ulirudi na mwenyewe kama ulivyokuja.

Franco, mtoto wa Tancredi, aliweka utaratibu wake: zabibu za mizabibu iliyopita miaka 25 zilikuwa za Riserva, Brunello ya daraja la juu, na za mizabibu isiyofika miaka 10 zilikwenda kwenye Rosso, mvinyo mwepesi zaidi unaouzwa mapema. Mwaka 2008, kashfa ilipozuka kwamba wapo waliochanganya zabibu nyingine kwenye Brunello, wazalishaji walipiga kura na Sangiovese tupu ikabaki. Franco alifariki mwaka 2013 akiwa na miaka 91. Mwishoni mwa 2016 kampuni ya Kifaransa ya EPI, inayomiliki pia shampeni ya Charles Heidsieck, ikanunua hisa nyingi za shamba. Jina bado lipo kwenye chupa. Mimi nilisikitika kidogo. Mdogo wangu hakuona ajabu. "Kaka, ukoo kwa ukoo," aliniambia, kwa kuwa EPI nayo ni mali ya familia moja, ya Descours.

Na ladha? Brunello tuliomiminiwa haukuwa mweusi kama nilivyotarajia. Ulikuwa mwekundu wa kung'aa, unapitisha mwanga. Mdomoni unaanza na uchachu kama wa ukwaju, kisha ukakasi unashika ufizi na hauachii upesi. Sitadanganya kwamba niliupenda kwa funda la kwanza. Mdogo wangu aliusukuma pembeni. Ulipokaa kwenye glasi na kupata hewa ukalegea, cheri zikajitokeza, nikaelewa kwa nini watu wanausubiri.

Bei ya chupa ilitukimbiza. Tulinunua Rosso moja, tukaomba tufunguliwe mezani kwenye mgahawa mjini, kwa ada ndogo, tukaagiza pici, tambi zao nene za kuviringisha kwa mkono, kwa mchuzi wa nyama ya nguruwe mwitu. Hapo hata mdogo wangu aliongeza glasi. Kwa chakula, na kwa mifuko yetu, Rosso ndiyo ningeagiza tena.