Babu alikunywa wa mwisho

Neno: 2 Samweli 23:13–17

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki iliyopita tulimzika Babu nyumbani, kwenye kibanja chake, katikati ya migomba na mibuni aliyoipanda mwenyewe. Wasifu wa marehemu ulisomwa ukaisha upesi: kuzaliwa, ubatizo, ndoa, jeshi, kustaafu, uzee wa kanisa, ugonjwa. Vita vya Kagera vilipata mstari mmoja tu. Nilikuwa nimesimama pembeni ya turubai, na msomaji alipofunga karatasi mimi niliendelea kusoma moyoni yale ambayo hayakuandikwa.

Kwa vijana wetu niseme kidogo. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuiteka ardhi yetu iliyo kaskazini ya mto Kagera. Watu walikimbia na vifurushi kichwani na watoto mgongoni. Daraja la Kyaka likavunjwa. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo, na uwezo tunao. Wengine waliisikia hotuba ile kama habari ya mbali. Babu alikuwa tayari amevaa magwanda, na waliokuwa wakikimbia walikuwa jamaa zake. Askari wetu walivuka mpaka wa Uganda pale Mutukula, Februari wakaingia mji wa Masaka, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Sehemu kubwa ya safari ile waliitembea kwa miguu, mizigo mgongoni.

Hayo mengi nimeyajua kwa kusoma na kwa kuuliza wengine. Babu mwenyewe hakuwa mtu wa kusimulia vita. Medali yake aliifunga kwenye kitambaa, akaiweka chini kabisa ya sanduku, chini ya shuka za Bibi. Kitu kimoja tu cha jeshini kilikaa wazi, chupa ya maji iliyochubuka rangi, ikining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango.

Msimu wa kuchuma kahawa ukifika, chupa ile ilikwenda nasi shambani. Babu alitufundisha kuchuma zilizoiva tu, moja moja, bila kupurura tawi. Jua likikolea aliita tukae chini ya mgomba, chupa ianze kuzunguka. Ilianza kwa mdogo kuliko wote, ikapanda kwa umri, ikafika kwa vibarua, ikamfikia Bibi. Babu alikunywa wa mwisho. Mara nyingi yalibaki mafunda mawili ya uvuguvugu. Siku nyingine hayakubaki kabisa, naye aliifunga chupa kifuniko taratibu kana kwamba amekunywa, akainuka kuendelea na kazi.

Nilipokuwa na miaka kama kumi nilimuuliza kwa nini. Alikaa kimya mpaka nikadhani hakunisikia. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, kuna wenzangu ambao saa hizi nao wangekuwa wanakunywa maji." Akainamia mbuni wake. Sikumuuliza tena.

Sasa turudi kwenye Neno. Daudi yuko ngomeni, Wafilisti wameushika mji wa kwao, Bethlehemu. Kiu inamshika, si kiu ya maji yoyote bali ya maji ya kisima kile cha nyumbani, kilicho karibu na lango. Mashujaa watatu wanamsikia, wanapenya katikati ya jeshi la adui, wanateka maji, wanamletea. Naye anayamimina chini mbele za Bwana, akikataa kuinywa damu ya watu waliohatarisha roho zao.

Naomba nikiri kwamba kwa miaka mingi andiko hili lilinikera. Nilijiweka mahali pa wale watatu. Nimeponea chupuchupu, nimeyabeba maji usiku kucha, halafu unayamwaga? Ni kando ya kaburi la Babu ndipo nilipomwelewa Daudi. Maji yale yalikuwa yamepata thamani kubwa kuliko kiu yake. Hakuona haki ya kuyameza peke yake, akayatoa yote kwa Bwana. Nami naamini Babu aliihesabu hivyo miaka yote aliyopewa tangu 1979. Aliiona kama maji yaliyoletwa na wengine, na wengine hao hawakurudi.

Ndiyo maana alifanya kazi vile. Watu walisema Babu ana nguvu, lakini mimi nilimwona akiamka na mgongo unaouma, anashika ukuta kwanza, anasimama, anachukua jembe. Fedha za kahawa zilipolipwa na chama cha msingi cha ushirika, hazikulala nyumbani. Zilikwenda ada.

Bibi alipopata kiharusi, Babu aliingia jikoni. Mnaotoka kwetu mnajua uzito wa jambo hili. Mzee wa rika lake, mzee wa kanisa, ameketi kwenye kigoda mbele ya rundo la ndizi, kisu mkononi, vidole vimekuwa vyeusi kwa utomvu. Alimenya, akazipanga sufuriani kama matofali, akafunika kwa majani ya mgomba, akaketi kulinda moto. Majirani walisema waliyosema. Yeye alijibu mara moja tu: "Nimepikia kikosi, nitashindwa wajukuu saba?" Bibi alilishwa kwanza, kijiko kwa kijiko. Na kwenye chakula pia, Babu alikula wa mwisho.

Lakini wapendwa, nisimpambe. Usiku wa matanga baba yangu alisema kwa sauti ya chini, "Huyu Babu mnayemlilia, sisi hatukulelewa naye." Wanawe walimfahamu mtu aliyerudi kutoka vitani mkali, mkimya, anayetoa amri na kutaka zitekelezwe. Mithali 17:6 inasema wana wa wana ndio taji ya wazee. Kwetu taji hiyo ilikuwa pia nafasi ya pili kutoka kwa Mungu. Miaka michache kabla ya kuugua aliwaita wanawe wote sebuleni akawaomba radhi. Baba anasema aliongea akiwa amesimama wima, mikono ubavuni, kama aliye mbele ya afande. Hawakujua wafanye nini. Shangazi ndiye aliyeinuka akamshika mkono, akamketisha.

Jumamosi tulirudi shambani, maana kahawa iliyoiva haingoji matanga. Chupa ilizunguka, ikaanza kwa kitukuu wa miaka minne. Ilipomfikia baba aliitikisa kusikia kilichobaki, akamtazama kibarua mmoja aliyekuwa amechelewa kufika, akampa.

Tuombe.

Bwana, asante kwa Babu. Tunawakumbuka askari wetu waliolala kwenye makaburi ya mashujaa Kaboya, na wajane wao ambao hadi leo wanalima peke yao. Tunawakumbuka pia akina mama wa Uganda waliopoteza wana katika vita vile vile. Wazee wetu wastaafu walio hai, wenye magoti yanayouma na ndoto mbaya za usiku, uwape usingizi. Utufundishe kuwauliza, na kuketi nao wasipotaka kujibu. Katika jina la Yesu. Amina.